Mkono wa Mzee Bedan

Saa nane mchana karatasi ya raundi ya mwisho ilibandikwa ukutani, na wachezaji wakaikimbilia wakisukumana kama watoto wa shule. Ndanu alingoja msongamano upungue ndipo akasogea. Meza ya tatu: Ndanu, kete nyeupe. Bedan, kete nyeusi. Alisoma mara mbili, akarudi hatua moja nyuma.

Si kwamba hakutaka. Miaka miwili mizima alikuwa akiliomba jambo hilo, magoti chini, kule nyumbani Gatongora, Ruiru. Lakini kuna vitu unaviomba, na siku vikija unatamani virudi vilikotoka. Nje ya ukumbi, Kamenu yote, pale Thika, ilikuwa imefunikwa na wingu la Julai na baridi ilikuwa imekataa kuondoka tangu asubuhi. Ndani, taa moja ya dari ilikuwa ikizima na kuwaka, ikizima na kuwaka, na hakuna aliyejali kuishughulikia.

"Ni yeye?" Idah aliuliza nyuma yake. Idah alikuwa rafiki yake wa kazini. Wote wawili waliuza dawa katika duka moja huko Ruiru. Chesi hakuijua hata kidogo. Alikuja kwa sababu Ndanu alimwomba alete macho yake tu.

"Ni yeye. Kaa pale kwa dirisha. Usiniangalie mimi. Angalia mkono wake."

"Sasa nangojea nini?"

"Aguse kete, halafu akatae hakugusa."

Hapo ndipo mambo yote yalipolalia. Katika chesi ya mashindano kuna sheria moja isiyo na huruma: ukigusa kete yako kwa kusudi, unaicheza. Hakuna samahani, hakuna nilikuwa nafikiria tu. Hata kama kuicheza ni kujimaliza, utajimaliza na watu wakikutazama. Ukitaka tu kuinyoosha kete iliyokaa vibaya, unasema kwanza "natengeneza," ndipo unanyoosha. Na ukigusa ya mwenzako bila kusema hivyo, lazima uile kama inalika.

Miaka miwili iliyopita, katika ukumbi wa shule moja Ruiru, Mutie, kaka yake Ndanu, alicheza na huyu huyu Mzee Bedan. Mutie alikuwa anashinda. Halafu Bedan akainua kichwa, akasema, "Umegusa malkia." Mutie akasema alimnyoosha tu, na alisema "natengeneza" kabla ya kugusa. Bedan akasema hakusikia neno lolote. Walikuwa wawili mezani, hakuna mwingine aliyeona. Mutie angetulia hapo, labda angeachiliwa, maana mwamuzi atashika neno la nani? Lakini wapi! Alisimama, akaapa mbele ya ukumbi mzima kwa kaburi la baba yao kule Matuu, akamwita mzee wa watu mwongo na mwizi, kisha akamkunja shati. Ubao ukaanguka, kete zikatawanyika chini ya viti. Chama cha chesi kikamfungia asicheze miaka miwili.

Shule aliyokuwa akifundisha chesi ikamwambia asirudi. Mama yao, Kavindu, alihama kanisa, kwa sababu Bedan alikuwa mzee wa kanisa pale. Mwanamke aliyeimba kwaya miaka kumi na minane, akahama kwa siku moja! "Mtoto wangu hawezi kuapa bure kwa kaburi la baba yake," alisema, na maneno yakaishia hapo. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuuliza swali la pili.

Sasa kifungo kilikuwa kimeisha. Chama kilikubali Mutie arudi, lakini kwanza atie sahihi barua ya kumwomba Bedan msamaha, kabla ya Jumatatu. Shule nayo ilisema itamchukua akirudishwa na chama. Mutie akakataa katakata. "Nimwombe mwizi msamaha? Heri nilale njaa." Akarudi kitandani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi: kulala mpaka mchana, ndevu zimemwota ovyo, mtu wa miaka thelathini na tatu anayemwomba mama yake pesa za sabuni. Ndanu alimpenda huyo kaka yake kupita kiasi. Ndiye aliyemfundisha chesi kwa ubao wa kadibodi na vifuniko vya soda. Ndanu akapiga hesabu yake: Bedan akikana mara moja tu mbele ya shahidi, barua hiyo itakuwa takataka, na Mutie atarudi kazini kichwa juu.

"Mkae kwenye meza zenu," Ngigi, mwamuzi, aliita. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuchoka. "Nasema kwa mara ya mwisho. Ukigusa, umecheza. Mkono ukiteleza tu kwa bahati mbaya, hiyo si kugusa, lakini msiniletee hadithi. Ukitaka kudai, dai kabla hujashika kete yako. Simu zizimwe."

Mzee Bedan alikuja polepole, koti la kijivu limempwaya mabegani. Watu walimpisha. Si kwa heshima tu. Tangu siku ile ya Mutie, wengi walikuwa hawapendi kumkaribia. Aliketi, akaweka mikono yote miwili chini ya meza, akamtazama Ndanu usoni.

"Habari yako, Ndanu."

"Mzuri, Mzee."

"Mama yako aje?"

Ati mama yake aje! Damu ilimpanda Ndanu kichwani. Amemtoa mama wa watu kanisani, halafu anamuulizia hali. "Ako sawa," alijibu, akasukuma askari wa kwanza na kubonyeza saa.

Walicheza. Nusu saa ya kwanza hakuna lililotokea, na hilo ndilo lililomtisha. Mutie alikuwa amemwonya juu ya ujanja wa huyo mzee: anaweka kete zake kombo makusudi, moja imelalia mstari, nyingine imetazama pembeni. "Mkono wako utawashwa," Mutie alimwambia. "Utanyoosha bila kusema kitu, na hapo amekunasa." Na kweli, Mungu wangu, kete zilikuwa kombo. Farasi alikuwa nusu kwenye mraba wake, nusu kwenye wa jirani. Ngome ilikuwa imeegemea mstari. Ndanu kazi yake ilikuwa kupanga chupa za dawa kutwa, lebo zote zitazame mbele, na vidole vilimwasha mpaka akavikalia. Mkono wa Bedan ulitoka chini ya meza, ukasukuma askari mmoja haraka, ukarudi chini. Haukukaa juu hata sekunde mbili. Kila ulipotoka, Ndanu alishtuka.

Kwa nini anauficha? Mtu mwaminifu anaficha mkono wa nini?

Saa moja ikapita. Meza nyingine zilianza kumaliza, viti vikakwaruza sakafu, watu wakatoka nje kujadili michezo yao. Ukumbi ukawa mkubwa na baridi zaidi. Ile taa ikazima, na safari hii ikakaa muda kabla ya kuwaka. Ilipowaka, Bedan alikuwa bado anamtazama yeye, si ubao.

Na alikuwa anamshinda. Polepole, bila kelele, malkia wake mweusi alikuwa amepata njia, na zamu ilikuwa yake. Ndanu alikuwa na tumaini moja tu. Mfalme wa Bedan alikuwa amebanwa pembeni, na mbele yake ililala ngome moja ikilinda mlango. Ngome hiyo ilikuwa na njia moja tu, mbele. Ikisogea hivyo, Ndanu anaingia na ngome yake, na mchezo umeisha. Lakini Bedan hakuwa mjinga wa kuisogeza. Angemcheza malkia wake aliyesimama kando ya ngome hiyo, na Ndanu angerudi Ruiru mikono mitupu.

Alitupa jicho dirishani. Idah hakuwepo.

Kiti kilikuwa kitupu, sweta yake imetundikwa mgongoni mwa kiti. Ndanu aligeuka huku na huku. Ngigi alikuwa mwisho wa ukumbi, amewapa mgongo, anagombana na watu wawili juu ya saa yao. Meza za jirani zilikuwa tupu. Walikuwa wamebaki yeye na Bedan, vile vile kama Mutie siku ile.

Ndipo mkono ukatoka. Ulikwenda moja kwa moja kwa malkia, na kwa mara ya kwanza Ndanu aliuona vizuri, kwa sababu haukufika. Ulikuwa unatetemeka. Si kutetemeka kwa baridi wala kwa woga. Ni ule mtetemeko wa wazee wanaokuja dukani na karatasi za daktari, ambao Ndanu huwafungulia chupa mwenyewe. Kidole cha mwisho kiliikumba ngome. Ngome ikayumba, ikazunguka, ikasimama.

Mkono ukasimama hewani.

Kumbe ni hiyo. Kumbe kete zilikuwa kombo kwa sababu hiyo, na mikono ilikaa chini ya meza kwa sababu hiyo. Ndanu alielewa yote kwa mara moja, na ungedhani angenyamaza. Hakunyamaza. Miaka miwili ilimsukuma ulimi.

"Umegusa ngome, Mzee."

Alisema kwa sauti ndogo, na hata kabla hajamaliza alijua amejiharibia. Hakuna shahidi. Atasema mkono uliteleza, na sheria itamruhusu. Atasema hakugusa kabisa, na nani atabisha? Bedan aligeuza kichwa polepole, akatazama dirishani, akatazama mgongo wa Ngigi, akatazama meza tupu. Aliona kile kile Ndanu alichokiona. Kisha akarudisha macho ubaoni.

"Eeh," alisema. "Nimegusa."

Akaishika ngome kwa mikono miwili, mmoja ukiutuliza mwingine, akaisogeza mbele.

"Mzee, si mkono uliteleza?" Maneno yalimtoka Ndanu bila kupanga. "Sheria inakuruhusu. Niite Ngigi?"

"Nani anajua kama uliteleza? Huu mkono siku hizi hata mimi siuelewi." Alibonyeza saa. "Cheza, mami."

Ndanu alicheza. Ngome yake iliingia mlangoni, na baada ya hatua tatu Bedan alimlaza mfalme wake ubaoni na kunyoosha mkono wa pongezi. Ndanu aliushika. Ulitetemeka ndani ya wake, na furaha ya kushinda haikuja hata chembe. Alichohisi ni woga, na haukuwa wa Bedan tena.

Walipokuwa wakitia sahihi karatasi ya matokeo, alishindwa kujizuia. "Mzee, ile siku ya Mutie. Kweli hukusikia akisema natengeneza?"

Bedan aliandika jina lake mpaka mwisho, herufi moja moja. "Hakusema kitu, mami. Alimshika malkia, akaona ni makosa, akarudisha mkono. Wengi wanafanya hivyo. Nikasema tu vile nimeona." Akavuta pumzi. "Sikujua ataapa kwa kaburi la mzee wenu. Ningejua, ningemwachia mchezo. Hiyo barua ni chama wanataka. Mimi niliwaambia siihitaji."

Akainuka, akaenda zake, koti linampwaya.

Nje, Idah alimjia mbio. "Haki nisamehe, mtoto ameanguka kwa tuisheni ya Jumamosi, mwalimu amenipigia simu, ikabidi nitoke. Alikataa?"

"Hakukataa."

"Na umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Sasa mbona unalia?" Idah aliuliza, na Ndanu akajifuta uso, akaelekea kituo cha matatu.

Alifika Gatongora saa kumi na mbili unusu. Mutie alikuwa amesimama getini akimngoja, na kitu cha kwanza Ndanu alichokiona ni kwamba alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati lile jeupe la kufundishia, limepigwa pasi. Moyo ulimuuma kwa kumwona hivyo.

"Nimesikia umempiga!" Mutie alicheka, akamkumbatia. "Jamaa mmoja wa chama amenitumia ujumbe. Na ile maneno? Alikana?"

"Aligusa ngome. Hakukuwa na mtu. Idah alikuwa ametoka, Ngigi alikuwa ametugeuzia mgongo. Nikamwambia umegusa. Akasema ndiyo, nimegusa. Akaicheza, akapoteza."

Kicheko kilimtoka Mutie usoni kidogo kidogo. Alitazama barabara, akatazama viatu vyake. "Huo ni ujanja."

"Ujanja gani wa mtu kujipotezea mchezo?"

"Humjui huyo mzee."

"Mutie. Ile siku ulisema natengeneza?"

Mutie alishika komeo la geti, akalifungua, akalifunga tena. Jirani alikuwa akikuna nazi, na ule mkwaruzo ukasikika wazi. Ndanu alingoja. Angesema tu. Angesema hapo getini, wawili peke yao, na Ndanu angemshika mkono waende wakaandike hiyo barua pamoja, na angemsamehe kabla hajafika mlangoni. Haki ya Mungu angemsamehe.

"Twende ndani," Mutie alisema. "Chakula kinapoa."

Mama alikuwa amepika chapati na kuku, chakula cha Krismasi kabisa, na alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Hakumwacha Ndanu hata akalie kiti. "Wooi, mshindi wangu! Niambie, niambie. Huyo Bedan alikataa?"

Ndanu alifungua mdomo.

"Alikataa, Mama," Mutie alisema. "Mbele ya watu. Idah aliona na macho yake."

Ndanu aligeuka kumtazama. Jicho la kaka yake halikupepesa. Sauti ilikuwa laini, yenye uchungu kidogo, sauti ya mtu aliyeonewa siku nyingi na sasa Mungu amemkumbuka. Hata yeye, aliyekuwepo, karibu aiamini. Hii ndiyo sauti iliyoapa. Aliitazama vizuri sura ya ndugu yake, sura aliyoipenda tangu utotoni, na akaiogopa.

"Asante Yesu!" Mama alipiga makofi, machozi yakamtiririka. "Asante Bwana! Miaka miwili wamenicheka! Miaka miwili!" Tayari alikuwa na simu mkononi. Alimpigia Carolyne, mwenyekiti wa akina mama katika kanisa alilolihama, na hakungoja hata salamu. "Carolyne, si mlisema mtoto wangu ni mwongo? Bedan ameshikwa leo Thika! Amegusa na akakataa, watu wakiona! Kesho ni Jumapili. Kesho nakuja hapo mbele ya madhabahu, na huyo mzee atanieleza. Mchungaji aambiwe leo leo!"

Ndanu aliona kesho hiyo wazi. Aliliona lile koti la kijivu limesimama mbele ya watu, na ile mikono ikitafuta mahali pa kujificha. Akamtazama Mutie. Mutie alitikisa kichwa kidogo sana, hapana, na macho yake sasa yalikuwa yanaomba. Akisema, shule imekwenda, chama kimekwenda, na huyu mama hatainua kichwa tena. Akinyamaza, atakuwa ameapa pamoja naye.

"Mama," alisema. "Bedan hakukataa. Aligusa na akakubali, na hakuna mtu alikuwa anaona. Ni Mutie ndiye anasema uongo. Leo, na ile siku pia."

Mama alitulia na simu karibu na sikio. Aligeuza macho kwa mwanawe wa kiume, akangoja abishe, akangoja apige meza, aape, afanye chochote. Mutie alikuwa anaangalia sahani yake. Mama akashusha mkono polepole mpaka ukafika mezani, bila kukata simu, na kutoka kwenye ile simu Carolyne alikuwa akiita, "Mama Mutie? Haloo? Nimesikia, Mama Mutie. Haloo?"